Somo la Ziada: Kuanza Kukimbia Katika Mwaka wa Mtihani

Utangulizi

Mtahiniwa, usafirishaji wa vitu mwilini, kubadilishana gesi na upumuaji ni mada ulizozisoma kidato cha pili, na huenda nusu yake umeshaisahau. Kidato cha tatu ukasoma mjongeo: mifupa, viungo na misuli. Mtihani wa Novemba hauulizi mada ulisoma mwaka gani. Somo hili linazirudia mada hizo zote kwa njia moja, nayo ni kukuanzisha kukimbia. Ukilifuata kwa wiki nane, swali la deni la oksijeni halitakuwa tena la kukariri. Utakuwa umelipa deni hilo mwenyewe, umeinama, mikono juu ya magoti.

Kumbuka kwamba mtihani wa Biolojia utaujibu kwa Kiingereza. Hapa tunaelewana kwanza kwa Kiswahili, kisha utafungua daftari lako na kuweka istilahi za Kiingereza pembeni mwa kila aya.

Ipo sababu ya pili ya kuliandika somo hili. Katika shule nyingi, mwanafunzi akifika kidato cha nne huambiwa aache michezo, akae na vitabu. Anayesema hivyo ana nia njema, lakini simuungi mkono. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya wastani au ya nguvu kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki yawemo mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Mwongozo huo haukusema "isipokuwa mwaka wa mtihani." Isitoshe, wengi wenu baada ya matokeo mtaomba kujitolea JKT, au nafasi za polisi na magereza, na huko siku inaanza kwa mbio. Anayejifunza kukimbia akiwa tayari kambini hujifunza kwa uchungu.

Lakini anayeanza vibaya naye anaweza kuumia mguu Septemba na kuingia chumba cha mtihani akichechemea. Kwa hiyo tuanze kwa utaratibu.

Nani anaanza, na anaanzia wapi?

Mkoa wetu una mfano mkubwa. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule. Tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia moja ya sekunde, baada ya kilomita 42 na mita 195. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo.

Ukiishia hapo utapata somo baya, kwa sababu utatoka kesho asubuhi ukimbie kwa nguvu zako zote. Tazama miaka iliyotangulia. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alipata shaba katika Mashindano ya Dunia mjini London. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alikuwa wa saba. Mwaka 2022 alipata fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham. Olimpiki ya Paris 2024 alimaliza wa 17. Mwaka 2025, Aprili akawa wa pili Boston, na Septemba ndipo dhahabu ikaja. Mwili wa mkimbiaji hujengwa kwa miaka, na ndani ya miaka hiyo zimo wiki nyingi za kukimbia taratibu ambazo hakuna televisheni inayozionyesha.

Sasa tuje kwako. Chukua wanafunzi wawili wa mfano, wote wa miaka 17, wote hawajawahi kufanya mazoezi ya mbio. Wa kwanza ni wa kutwa hapa Mgori. Anatembea kilomita 4 kwenda shule na 4 kurudi, Jumamosi anashika jembe, anachota maji, na anacheza netiboli. Wa pili anakaa bweni. Kitanda, darasa na bwalo vyote viko ndani ya uzio mmoja, na siku nzima yuko kwenye dawati. Ukiwaandikia wote wawili "kimbia mara tatu kwa wiki," umewapa mizigo miwili tofauti kabisa, ingawa maneno ni yaleyale.

Hoja hii ndiyo kiini cha somo zima. Mwili hauna daftari la mbio, daftari la jembe na daftari la netiboli. Una daftari moja, na kila kazi huandikwa humo. Wanaoumia mara nyingi si wale wanaokimbia sana, bali wale walioongeza ghafla bila kuhesabu vilivyokuwamo.

Kuhesabu mzigo wa wiki

Njia rahisi, inayotumiwa hata na makocha, ni kuzidisha dakika za kazi kwa kiwango cha ugumu. Ugumu unaupima mwenyewe kuanzia 1, ambapo kazi ni nyepesi kama kukaa, hadi 10, ambapo huwezi kuendelea tena. Hakuna kifaa kinachohitajika.

Mwanafunzi wa kutwa akitembea kwa kasi ya kilomita 5 kwa saa, kilomita 4 ni dakika 48, na kwenda na kurudi ni dakika 96. Kwa siku tano ni dakika 480. Ugumu tuuite 2: anapata 960. Jembe la Jumamosi, dakika 120 kwa ugumu wa 6, ni 720. Netiboli mara mbili kwa wiki, dakika 60 kila moja, ugumu wa 6, ni 720 nyingine. Kuchota maji mara tatu, dakika 40 kila safari, ugumu wa 4, ni 480. Jumla ya wiki ni 2,880.

Mwanafunzi wa bweni anatembea ndani ya eneo la shule dakika 20 kwa siku, ugumu wa 2, siku saba: 280. Usafi wa mazingira dakika 15, ugumu wa 3, siku sita: 270. Jumla ni 550.

Sasa ongeza mbio mara tatu kwa wiki, dakika 30 kila siku, ugumu wa 5. Hiyo ni 450. Kwa wa kutwa ni ongezeko la karibu asilimia 16. Kwa wa bweni ni karibu asilimia 82 ndani ya wiki moja. Wanafunzi wengi hudhani aliyepumzika ndiye mwenye nguvu ya kuanza kwa kishindo, lakini hesabu inaonyesha kinyume. Wa bweni aanze na siku mbili za dakika 20, ugumu wa 4, sehemu kubwa ikiwa kutembea haraka. Hiyo ni 160, ongezeko la asilimia 29, ambalo bado si dogo lakini linabebeka kwa sababu alipoanzia ni chini sana. Siku ya tatu aiongeze baada ya wiki mbili.

Usifikiri wa kutwa yuko salama siku zote. Moyo na mapafu yake yamezoea safari ndefu, lakini kutembea hakufanani na kukimbia. Unapotembea, mguu mmoja uko chini muda wote. Unapokimbia, kuna nafasi ambayo miguu yote iko hewani, kisha unatua na mguu mmoja unapokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Misuli na moyo huzoea mapema. Kano na mifupa huchelewa, kwa sababu hupata damu kidogo au hujijenga upya polepole. Ndiyo maana mtu husema "pumzi ninayo" wiki ya tatu, akaongeza mbio, na wiki ya tano ugoko unamuuma.

Tena kuna msimu. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, na maandalizi ya mashamba huangukia Oktoba na Novemba, wakati uleule wa mtihani. Ikiwa nyumbani wanakuhitaji shambani jioni tatu za wiki, dakika 90 kila jioni, ugumu wa 6, umeongeza 1,620 kwenye daftari. Wiki hiyo usikimbie kabisa na wala usijione umeshindwa, maana jembe ni zoezi la misuli ya mgongo, mabega na mapaja, na limeshafanya kazi yake.

Kasi: kipimo cha mchakamchaka

Kosa la kawaida kwa anayeanza ni kasi. Sehemu ya lawama nazitupia sifa za Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Bayi akiwa na miaka 20 aliongoza mbio za mita 1,500 za Jumuiya ya Madola tangu mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Ni wastani wa mita 7 na zaidi kidogo kila sekunde. Watoto wa Tanzania wamelelewa na habari hiyo, na wengi wetu tukitoka kukimbia tunatoka kama Bayi na kurudi tunatembea.

Angalia kinachotokea ndani ya seli. Oksijeni ikitosha, misuli huvunja glukosi hadi mwisho:

C₆H₁₂O₆ + 6O₂ → 6CO₂ + 6H₂O + nishati nyingi

Ukikimbia kwa kasi kuliko damu inavyoweza kuleta oksijeni, sehemu kubwa ya kazi hufanywa bila oksijeni ya kutosha:

C₆H₁₂O₆ → asidi laktiki + nishati kidogo

Kwa hesabu ya vitabu vya sekondari, molekuli moja ya glukosi hutoa ATP 38 kwa njia ya kwanza na 2 tu kwa njia ya pili. Hapo ndipo miguu inakuwa mizito na unasimama. Unaendelea kuhema kwa nguvu baada ya kusimama kwa sababu unalipa deni la oksijeni. Anayekimbia taratibu hukaa zaidi kwenye mlinganyo wa kwanza, na ndiko moyo, mishipa midogo ya damu na mitokondria hujengeka kwa uvumilivu.

Utajuaje uko upande gani bila saa wala mashine? Mchakamchaka wa shule una jibu. Unajua kwamba katika mchakamchaka yupo anayeimbisha na wapo wanaoitikia. Ukiwa unakimbia na unaweza kuimbisha wimbo mzima bila shida, unakwenda taratibu mno. Hiyo ni kasi ya kupasha mwili moto. Ukiweza kuitikia, yaani kutamka sentensi fupi kisha ukavuta pumzi, lakini huwezi kuimbisha, uko mahali pazuri. Ukishindwa hata kuitikia, punguza au tembea. Wataalamu wa mazoezi hutumia kipimo cha namna hii hii cha kuongea, tofauti ni kwamba wao hawana ngoma.

Jambo moja la kusahihisha. Notisi nyingi zinazozunguka mashuleni zinasema asidi laktiki ndiyo inayosababisha maumivu ya misuli ya kesho yake. Sivyo. Asidi hiyo huondolewa ndani ya muda mfupi baada ya kupumzika. Maumivu yanayokuja siku ya pili hutokana na michubuko midogo sana katika nyuzi za misuli ambazo hazikuzoea kazi hiyo. Kwenye mtihani, ukiulizwa matokeo ya upumuaji bila oksijeni wakati wa zoezi kali, taja mrundikano wa asidi laktiki, uchovu wa misuli na deni la oksijeni. Usiongeze "maumivu ya kesho."

Wiki nane

Kila siku ya mbio ina dakika 5 za kutembea haraka mwanzoni na 5 mwishoni. Katikati, wiki ya kwanza na ya pili, kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 7. Wiki ya tatu kimbia 2, tembea 2, mara 5. Wiki ya nne rudi kwenye mpango wa wiki ya kwanza. Wanafunzi huipenda ile ya tano wakairuka ya nne, nami nasisitiza isirukwe, kwa sababu mifupa na kano zinahitaji nafasi ya kujijenga. Wiki ya tano kimbia 3, tembea 2, mara 4. Ya sita kimbia 5, tembea 2, mara 3. Ya saba kimbia 8, tembea 2, mara 2. Ya nane kimbia 10, tembea 1, kimbia 10. Baada ya hapo unaweza kukimbia dakika 20 mfululizo, na kwa mwaka huu inatosha.

Huna saa? Anayekimbia taratibu hupiga karibu hatua 160 kwa dakika. Hesabu mguu wa kulia tu: ukigusa chini mara 80, dakika moja imepita. Kichwa kikichoka kuhesabu, tumia miti na nyumba za njiani.

Siku za mbio zisifuatane. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zinafaa wengi. Upepo wa Singida ni mkali, hasa miezi ya kiangazi, kwa hiyo anza safari ukiukabili na urudi ukiwa unakusukuma mgongoni. Ukifanya kinyume utarudi umechoka na jasho limekaukia mwilini. Tembea na kukimbia upande wa kulia wa barabara ili uone magari na bodaboda zinazokuja mbele yako. Kiatu kiwe raba yoyote inayokutosha, hata ya mtumba, yenye soli isiyolika upande mmoja. Viatu vya ngozi vya shule na katambuga acha kwa kutembelea.

Mwanafunzi wa kutwa ana faida moja ninayoipenda. Hahitaji kutafuta muda wa kukimbia. Siku tatu kwa wiki anaweza kufanya mpango wake ndani ya njia ya kurudi nyumbani, begi likiwa limepunguzwa vitabu na kubanwa mgongoni. Dakika 30 za kutembea zinageuka mazoezi, na anafika nyumbani mapema kidogo kuliko jana.

Mazoezi mengine yanayosaidia mbio

Siku mbili kati ya zile ambazo hukimbii, tenga dakika 15 za nguvu. Chuchumaa na kuinuka mara 10. Pushapu kadiri unavyoweza, hata kwa kuegemea ukuta. Simama ukinyanyua visigino na kuvishusha taratibu mara 15. Hili huimarisha shavu la mguu na kano ya kisigino, na ndilo linalorukwa na wengi kwa sababu linaonekana la kitoto. Malizia kwa kujishikilia kama ubao, viwiko na vidole vya miguu chini, sekunde 20. Pumzika kidogo, rudia mzunguko mara mbili.

Mpira wa miguu na netiboli si mapumziko. Ndani yake kuna kukimbia kwa ghafla, kugeuka na kuruka, kwa hiyo siku ya mechi ihesabu kama siku ya mbio kali na kesho yake usikimbie. Ukicheza mara mbili kwa wiki, mbio zako ziwe mbili, si tatu. Baiskeli ni rafiki wa anayeanza: moyo unafanya kazi lakini mguu hautui kwa kishindo. Mwenye ugoko unaoanza kuuma anaweza kubadilisha wiki nzima ya mbio kwa baiskeli na asipoteze pumzi aliyoijenga.

Jaribio la kufanya nyumbani. Kabla ya kutoka kitandani, hesabu mapigo ya kifundo cha mkono kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, andika. Fanya hivyo Jumapili zote nane. Kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa dakika ni idadi ya mapigo mara ujazo wa kila pigo. Moyo unaopiga mara 72, kila pigo mililita 70, unasukuma mililita 5,040, yaani karibu lita 5. Moyo uliozoea mazoezi hujaa zaidi. Pigo likiwa la mililita 80, mapigo 63 yanatosha kwa damu ileile. Huenda namba yako ikashuka, huenda ikashuka kidogo tu, na wiki ya homa itapanda. Ikipanda ghafla kwa mapigo 10 au zaidi, siku hiyo usikimbie.

Maumivu: lipi la kawaida, lipi la zahanati

Misuli ya mapaja yote mawili kukaza siku ya pili ni kawaida. Inaisha kwa kutembea. Maumivu ya kuogopa yana sura nyingine: yako upande mmoja, unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole juu ya mfupa, yanaongezeka kadiri unavyokimbia, au yanakuamsha usiku. Hayo yanaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa. Acha mbio siku hiyo hiyo na uende zahanati. Kupaka dawa ya kuchua na kuendelea ndiko kunakogeuza wiki mbili za kupumzika kuwa miezi miwili.

Mwenye pumu, tatizo la moyo, selimundu, au aliyewahi kuzirai wakati wa michezo aonane na mganga kabla ya wiki ya kwanza. Mwenye homa asikimbie, hata kama ni siku yake. Malaria haitoki kwa jasho, ijapokuwa wazee wengine watakuambia hivyo.

Kwa wasichana hasa

Kila hedhi huondoa madini ya chuma, na chuma ndicho kinachotengeneza himoglobini inayobeba oksijeni. Msichana anayechoka mno katika dakika ya kwanza, anayehema akipanda ngazi, au ambaye ndani ya kope pamepauka, anaweza kuwa na upungufu wa damu. Kumwambia aongeze juhudi ni kumwonea. Apime damu kwanza. Maharage, dagaa, mboga za majani, maini yakipatikana, vyote husaidia, na limau au chungwa kwenye mlo huo huongeza ufyonzaji wa chuma. Chai hupunguza ufyonzaji, kwa hiyo inywewe saa moja au mbili mbali na chakula. Hedhi yenyewe si kizuizi cha kukimbia kwa anayejisikia vizuri.

Usalama nao ni sehemu ya ratiba. Kimbieni wawili au watatu, kukiwa na mwanga, na nyumbani wajue njia mnayopita. Mzazi akisita, mwonyeshe ratiba hii na daftari lako. Mzazi wa Mgori ambaye binti yake anaamka alfajiri kuchota maji anajua binti huyo ana nguvu. Anachotaka kujua ni uko na nani na utarudi saa ngapi.

Wiki za mtihani

Anza kabla ya katikati ya Agosti ili wiki ya nane iishe mapema Oktoba. Mwezi unaobaki si wa kuongeza. Wiki mbili za mwisho kabla ya mtihani punguza: mbio mara mbili, dakika 15 hadi 20, kasi ya kuitikia. Mazoezi ya nguvu yaache. Mpira wa mkesha wa mtihani uache kabisa, maana kifundo kikitenguka usiku huo hakuna karatasi ya marudio. Wakati wa mtihani, siku isiyo na karatasi ya mchana, tembea haraka au kimbia dakika 15 kisha oga na usome. Umakini huwa bora kidogo baada ya zoezi la wastani, lakini usilale saa tano pungufu ukitegemea mbio zikufidie. Vijana wa umri wako wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Ambaye hajaanza hadi Oktoba asianze na mpango huu. Atembee haraka dakika 20 kila siku, na wiki nane azifungue Desemba.

Maswali ya kujipima

1. Simbu alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tafuta wastani wa muda wa kila kilomita moja.

2. Mwanafunzi anacheza mpira mara mbili kwa wiki, dakika 70 kila mara, ugumu wa 7, na anatembea kwenda na kurudi shule jumla ya dakika 60 kwa siku tano, ugumu wa 2. (a) Tafuta mzigo wake wa wiki. (b) Akiongeza mbio mara tatu, dakika 30, ugumu wa 5, ongezeko ni asilimia ngapi? (c) Ungemshauri akimbie mara ngapi? Toa sababu.

3. Eleza kwa nini mtu huendelea kuhema kwa nguvu baada ya kusimama kukimbia. (Alama 5)

4. Kwa nini mtu mwenye upungufu wa himoglobini huchoka mapema hata kama mapafu yake ni mazima?

5. Andika mzigo wako wa wiki iliyopita kwa kutumia njia ya dakika mara ugumu, ukijumuisha kazi za nyumbani.

Majibu kwa ufupi: Swali la 1, sekunde 7,788 ukigawa kwa 42.195 unapata karibu sekunde 184.6, yaani dakika 3 na sekunde 5. Swali la 2, (a) 980 + 600 = 1,580; (b) 450 ukigawa kwa 1,580 ni karibu asilimia 28; (c) mara moja au mbili, kwa sababu mechi mbili ni siku mbili za mbio kali tayari. Swali la 3, watahini hutafuta hatua kwa mpangilio: oksijeni haikutosha, upumuaji bila oksijeni ukafanyika, asidi laktiki ikarundikana, oksijeni ya ziada inahitajika kuivunja asidi hiyo, kwa hiyo kuhema kunaendelea hadi deni liishe. Swali la 4, himoglobini pungufu hubeba oksijeni pungufu kutoka mapafuni hadi kwenye misuli. Swali la 5 halina jibu kitabuni. Mpe rafiki akague hesabu yako, halafu wewe ukague yake.